Funda la Kwanza

Mama yangu hajawahi kuficha ladha. Akila kitu kisichomridhisha, uso wote unakunjika kabla hajameza, hata kama aliyepika ni mke wa mchungaji na amekaa hapo hapo anamtazama. Uso ule umeniaibisha tangu utotoni. Hapa Makutupora wanamjua hivyo, na ndiyo maana walikuwa wakinunua mvinyo wake bila maswali: ukimwona ameonja akatabasamu, umeshalipa.

Mvinyo wake ni mwekundu na mtamu, wa kipaimara na harusi, mtamu kiasi kwamba nyuki wanauzengea mdomo wa chupa. Anautengeneza tangu mimi sijaolewa, kwa zabibu za shamba la chini, ambalo yeye na marehemu baba walilipanda kwa mikono yao. Shamba la juu, la zabibu nyeupe, ni langu. Miaka mingi mashamba yale yaliishi kama wake wenza wasiogombana.

Kisha mji ukabadilika. Watu wa maofisini walipohamia Dodoma walikuja na midomo yao. Nilikuwa napeleka chupa za mama kwenye maduka ya Nkuhungu, na kila niliporudi nilizikuta palepale zinakula vumbi. Wauzaji wakaniambia wateja siku hizi wanataka mvinyo mkavu, yaani ule ulioachwa uchachuke mpaka hamira imemaliza sukari yote. "Huu wa mama yako ni juisi ya harusi," mmoja akanitania. Nilimwambia akome, tena kwa ukali, lakini njia nzima nilijua kasema kweli.

Basi nikaanza kutengeneza mkavu kwa zabibu zangu nyeupe. Mama alipouonja mara ya kwanza aliutema mbele ya kuku.

"Hii siki," akasema. "Ndiyo hayo, kipya kinyemi ingawa kidonda."

Nikanuna siku nzima.

Yangebaki kuwa matani ya nyumbani kama si maji. Kisima chetu kimepungua. Tumefanya kila tunaloweza: tumetandaza mipira ya kumwagilia kwa matone, tumefunika mashina kwa makapi ya zabibu, hata maji ya kuoshea chupa hatuyamwagi ovyo. Bado pampu ikaanza kuvuta hewa mchana. Kiangazi kikikaza, mashamba mawili hayawezi kunywa tena. Na mizabibu ya huku haina baridi ya kuilaza na kuiamsha. Sisi ndio tunaiamsha kwa kuipogoa, na ukishaipogoa lazima uinyweshe, la sivyo umeiua kwa mkono wako. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi ilibidi tuchague shamba moja. Tuligombana wiki nzima, ndipo tukakubaliana. Mnunuzi wa hoteli moja ya mjini alikuwa anakuja kuonja mvinyo wangu. Akiuchukua, maji yanakwenda juu. Akiukataa, yanakwenda chini kwa mama, na mimi nafunga mdomo wangu.

Alikuja dada mmoja mpole, viatu vimejaa vumbi. Akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," mama akaitikia marahaba, tukaketi barazani. Nikafungua chupa. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo katika mipango yangu yote nililisahau, na Mgogo hapaswi kulisahau: kwetu kinywaji cha nyumbani hakimfikii mgeni kabla mkubwa wa nyumba hajapiga funda la kwanza mbele yake. Ndivyo tunavyomwonyesha kwamba hakuna sumu. Kumruka mama nikaonja mwenyewe ingekuwa kumtukana mbele ya mgeni.

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, anataka bilauri.

Mgeni alikuwa anamtazama usoni, na uso ule naujua. Mama hakuhitaji kusema neno. Angeukunja tu kama kawaida yake, na mizabibu yake ingekunywa. Wala nisingeweza kumlaumu, maana asingekuwa amedanganya.

Akapiga funda, akalishikilia mdomoni kidogo, akameza. Uso ulitulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Akapiga la pili, ambalo mila haikumdai, kisha akachukua bilauri nyingine akammiminia mgeni.

"Karibu mwanangu," akasema. "Ni salama. Binti yangu kautengeneza vizuri."

Dada yule alionja taratibu, akauliza mengi kuhusu zabibu na maji, mwishowe akasema watauchukua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari huku nacheka kama mjinga. Nilifurahi mno, siwezi kujifanya sikufurahi.

Niliporudi barazani mama hakuwepo. Nilimkuta shambani, kwenye koki inayogawa maji. Alikuwa ameshaigeuza kuelekea juu.

"Mama," nikamwuliza, "umeupenda kweli?"

"Mchachu," akasema, na uso wake wote ukakunjika, ndita juu ya ndita, kama vile ulikuwa unasubiri tangu barazani. Safari hii haukukunjuka upesi. Nikaishika koki nikitaka kuirudisha, akaweka mkono wake juu ya wangu akaubana. "Nenda kapogoe shamba lako," akaniambia, "jua linakuwa kali."

Nikaenda. Shamba la chini hatukulipogoa msimu huu, na majani yake yameanza kuwa ya kahawia. Kila nikimaliza kuosha chupa za mvinyo wangu mama huja kuchukua yale maji. Anayabeba kwa ndoo mpaka kwa mizabibu yake, anayamwaga kwenye shina la kwanza pale mwanzo wa mstari, ambalo baba ndiye aliyelichimbia shimo. La pili hayalifikii.