Kibuyu cha Mama

Tumbo langu lina miaka sita halijanisamehe, na wala sililaumu. Nikila maharage linajaa. Nikinywa maziwa, hata yale ya kwenye chai, natafuta choo kabla kikombe hakijapoa. Daktari mmoja pale Musoma alinieleza kwamba vijidudu viliondoka zamani, ila utumbo ulibaki na ukorofi wake. Sikumwambia ni nini kingine kilichobaki.

Siku tumbo lilipoharibika, nilianzia Butiama kumwamkia mama. Akanimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake, kibuyu alichokifukiza kwa moshi kila asubuhi na ambacho hakuna mkwe aliyeruhusiwa kukigusa. Nikanywa vikombe viwili. Kisha nikapitia mnadani Bunda, mahali ambapo nilimwapia mke wangu mbele ya mchungaji kwamba sitakanyaga tena, kwa sababu ya bia. Bia sikunywa. Nilikula nyama kwa kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumbo la ng'ombe ambao sisi watu wa Mara tunausifu kuwa ni dawa. Nyama ilikuwa na kaharufu. Nikaizamisha kwenye kichuri, maana uchungu wake huficha mengi, nikaendelea kutafuna. Ulafi tu, hakuna jina lingine.

Jioni, nyumbani Kitaji, pale Musoma, nilitapika na kuhara mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Mke wangu akaniuliza nimekula nini.

"Labda ni maziwa ya mama," nikamjibu.

Nilidhani yangeishia palepale kitandani. Kesho yake mke wangu, kwa nia njema kabisa, alimpigia mama simu kumshauri awe anachemsha maziwa. Tangu hapo mama hakunipa tena hata tone. Nikienda, ananinunulia soda dukani. Majirani nao walisikia, wakaacha kuja kunywa kwake, yeye ambaye usafi wa kibuyu chake ulisifiwa kijiji kizima. Nami nikanyamaza mwaka baada ya mwaka, nikinywa soda yake. Najichukia kwa zile soda kuliko kwa ile nyama.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia yote: mnada, kichuri, kiapo nilichokivunja. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, hakuinua macho. Nikaona haniamini, nikamwomba maziwa. Alisita, kisha akaenda ndani kukileta kibuyu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa bado anakifukiza.

Nilijua tumbo langu. Lakini nilitaka aone kwa macho yake kwamba siyaogopi maziwa yake, nikanywa kikombe kizima. Ladha ilikuwa ileile ya moshi, na nusura nilie.

Hata nusu saa haikupita. Nilikimbilia choo cha nyuma ya zizi, nikakaa huko muda mrefu nikijua ananisikia. Niliporudi alikuwa ameshaosha kikombe. Nikaanza kumweleza habari za daktari na ukorofi wa utumbo. Akaniwekea mkono begani.

"Basi, mwanangu. Wewe ulikuwaga na huruma tangu mdogo. Usinidanganye ili nifurahi."

Akatoka na kibuyu, akamwaga maziwa yote chini ya mgomba, kisha akaniuliza nitakunywa soda gani.