Turubai Linavuja, Mume Anapiga Gitaa

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya Septemba 2021. Ildephonse Ndayizeye anasimama kwenye ua wa mbao nyuma ya nyumba yake, Guildford, Sydney. Barakoa iko kidevuni na bado amevaa fulana ya manjano ya kazini. Ng'ambo ya ua, jirani yake Mutua, fundi wa sauti kutoka Kenya, amemgeuzia spika. Korona imepiga marufuku kutembeleana, lakini sauti haijakatazwa.

"Mutua, weka! Roho inadunda sana."

Ildephonse, dereva wa foklifti, gari la kunyanyua mizigo, huko Wetherill Park, mwenye miaka 61, anatoa albamu ya nyimbo kumi na nne: miaka 25 ya bluzi, muziki wa gitaa la majonzi aliouanza katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Amezikusanya kutoka kaseti, simu za watu na video za harusi. Jumatatu albamu inakwenda kiwandani. Unakosekana wimbo mmoja tu, ule wa kwanza: "Turubai".

Ulirekodiwa mara moja tu, mwaka 1996, kisha kaseti ikatoweka. Amejaribu kuurekodi upya mara saba.

"Vidole vinapiga, lakini si ule," anasema. "Ule nilipiga na njaa. Leo nimeshiba. Na bila Turubai, hakuna albamu."

Miaka yote hiyo alimshuku jirani wa kambini kwamba aliiiba. Juzi kikaja kifurushi kutoka Burundi, kilichokaa njiani miezi minne. Shemeji yake, Emérance, ndugu wa mkewe, aliikuta kaseti hiyo kwenye sanduku la marehemu mama yao.

Mutua anabonyeza. Gitaa linalia, Ildephonse wa enzi hizo anaimba kuhusu turubai linalovuja usiku kucha. Ubeti wa kwanza unakwisha, wa pili unafika katikati. Mara, kwaa! Inaingia sauti ya mwanamke, kwa Kirundi:

"Mama, ni mimi Dévote. Chakula wamepunguza. Turubai linavuja, na huyu mume wangu anapiga gitaa tu."

Mutua hajui Kirundi, lakini jina la mke wa jirani yake amelisikia. Anacheka mpaka anashika ua. "Mzee, kumbe mwizi mko naye kwa nyumba!"

Dirisha la jikoni linafunguka. Dévote, mfanyakazi wa usafi hospitalini Westmead, hakatai kosa. Siku hizo barua zilisemwa kwenye kaseti.

"Kaseti ilikuwa moja tu, na mama alikuwa hajasikia sauti yangu mwaka mzima. Sasa futa hiyo, Mutua, please! Watu watanicheka."

"Naweza kukata hapo, mzee," anasema Mutua.

Ildephonse anainua mkono. Sauti ya kaseti bado inaendelea: "Lakini akipiga, Mama, watoto wanalala."

Ildephonse anajifuta macho kwa mkono wa fulana, kisha anapiga kofi la furaha kwenye mbao.

"Iache yote! Ndiyo itafungua albamu."

Marufuku ikiondolewa, ataizindua kwenye ukumbi wa kanisa, Dévote akiwa kiti cha mbele.

"Nitapiga mpaka pale anaingia," anasema. "Halafu nanyamaza, watu wamusikie kwenye kaseti."

"Sawa, Baba Nella," Dévote anajibu kutoka dirishani. "Lakini kabla ya hiyo, paa la garaji linavuja."