Nakimbia kila Jumamosi lakini nilishindwa kumnyanyua mama yangu kitandani

Wakuu, salaam kwenu, wa huku Bunju na wa kwingine kote.

Naandika nikiwa nimechoshwa na watu, mnivumilie. Ninachosimulia kimetokea ndani ya nyumba yangu na sijaongeza chumvi. Wewe unayejiuliza kama cardio, yaani mazoezi ya pumzi, peke yake inatosha au uongeze mazoezi ya nguvu, vuta kiti. Kule kwenye klabu yetu nikijibu hilo swali naambiwa nimewasaliti.

Mimi ni mtu wa jogging, miaka sasa. Jumamosi alfajiri tunakusanyika uwanja wa shule, fulana za njano, tunaingia barabara ya Bagamoyo tukiimba. Na mimi ndiye ninayeimbisha. Mtu anayekimbia huku anawaimbisha wenzake, huyo pumzi anayo. Tukirudi tunakunywa supu, na kwenye supu ndipo sera za klabu zinapotungwa.

Sera kuu: vyuma ni vya mabaunsa. Mwenyekiti wetu, Braza Masawe, ukimtajia gym anasonya kwanza.

"Misuli ya kazi gani? Unataka afya au unataka kusimama mlangoni disko?"

Tunacheka, tunaongeza supu. Mimi nilikuwa nachekaga kuliko wote.

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe.

Mama yangu anaishi Njombe. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, baadaye nikamleta akae kwangu. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akasema shida iliyobaki ni miguu, imelala muda mrefu na haina nguvu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali akamwonyesha zoezi moja: kaa kwenye kiti, simama, kaa tena. Afanye kila siku.

Tulifika nyumbani tukalisahau siku hiyo hiyo.

Siyo kwa ubaya. Ni hizi heshima zetu. Mama akisogeza mguu tu, mtu keshasimama. "Tulia mama, unataka nini nikuletee?" Wakaja akina mama wa jumuiya kumjulia hali, wakamkuta ameshika kiti anajaribu kunyanyuka. Wakamrudisha kitandani, halafu wakanisema mimi. Mgonjwa anaachwaje ahangaike wakati ana mtoto mzima? Basi chai kitandani, uji kitandani, mpaka mswaki kitandani. Tukajiona tunamtunza kweli kweli.

Kumnyanyua kwenda chooni ikawa kazi yangu, maana mke wangu alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji na alikatazwa kubeba chochote kizito.

Mama yangu siyo mnene, wakuu. Ni mama aliyelima maisha yake yote, ana mifupa yake. Asubuhi moja nikainama, nikamkumbatia, nikavuta. Tukafika katikati. Magoti yangu yakaanza kutetemeka, mgongo ukakataa, tukashuka wote wawili mpaka sakafuni.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini aliogopa sana. Alinishika shati hataki kuliachia.

"Mwite Salim," akasema.

Salim ni jirani yetu mwenye duka. Familia yao ni Waarabu, wapo hapa tangu Bunju ni mashamba matupu. Ana kitambi, sijawahi kumwona anakimbia hata mvua ikimkuta barabarani, lakini kutwa anabeba magunia ya mchele na sukari. Akavua viatu mlangoni, "Shikamoo mama," akapitisha mikono, mama akasimama.

Akanigeukia. "Baba Neema, si wewe ndo mtu wa mazoezi?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Kuanzia hapo mama akagoma kushikwa na mimi. Nikikaribia kitanda anasema, "Subiri Salim." Na mimi, kwa akili zangu timamu, mnajua nilifanya nini? Nikaongeza jogging. Ndiyo, chekeni. Nikaona labda pumzi haijatosha, nikaanza kukimbia na Jumatano. Nikakonda, suruali za kazini zikaanza kuvuka, na mama bado nashindwa kumnyanyua.

Siku moja mke wangu akanivuta pembeni.

"Baba Neema, mama hanywi chai."

"Hanywi kivipi?"

"Anaonja anaacha. Maji vilevile. Anasema akinywa atataka kwenda chooni, na saa hizo Salim ana wateja."

Wakuu, mama yangu alikuwa anakaa na kiu nyumbani kwa mwanae kwa sababu mwanae hana nguvu za kumsimamisha. Nilienda bafuni nikafungulia maji nikalia. Andikeni mnachotaka, nililia.

Kesho yake nikaingia gym moja huko Mikocheni, karibu na ofisini. Mwalimu wa pale hakuniuliza hata nimekuja kwa shida gani. Moja kwa moja kwenye makopo ya unga wa protini, nichukue la chokoleti au la vanila. Namwambia nataka kumnyanyua mama, yeye ananionyesha picha za kifua chake. Nikaondoka na hasira zangu.

Nikarudi kwa yule mtaalamu wa hospitali nikamweleza yote. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Lile zoezi la kiti anafanya?"

Nikakiri tulilisahau siku ile ile.

"Basi anzeni wote wawili. Yeye na kiti chake, wewe shika madumu ya maji. Pumzi unayo, usiiache. Ongeza nguvu."

Tukaanza. Viti viwili barazani, mama ameegemea meza, mimi na dumu kila mkono. Tunakaa, tunasimama. Siku za mwanzo mama alikuwa ananyanyuka kidogo tu anarudi chini, mimi nimesimama karibu roho mkononi. Alipozoea akaanza kuhesabu kwa Kibena, na kunikosoa juu.

"Hujashuka wewe. Shuka vizuri."

Mnadhani tuliachwa kwa amani? Akina mama wa jumuiya walikuja wakashika vichwa: "Baba Neema, unamtesa mzee!" Mmoja akasema ataniombea. Mke wangu kila nikitaka madumu nakuta maji kayafulia nepi. Na Masawe akatangaza mbele ya supu kwamba mwimbishaji kahamia kwa mabaunsa. Kila mtu ana ushauri, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuja kumshika mama mkono asimame. Isipokuwa Salim, ambaye aliendelea kuja bila neno.

Miezi ikapita. Miguu yangu nikaisikia imebadilika, ngazi za ofisini napanda bila magoti kulalamika. Hata jogging yenyewe ikawa nyepesi, ule mlima wa kurudi naumaliza bado naimbisha.

Asubuhi moja nikaona leo ndiyo leo. Nikaingia chumbani, nikapanga miguu, nikainama kama yule mtaalamu alivyonifundisha.

"Mama, leo usimwite Salim. Nakunyanyua mimi."

Akanitazama. Akaweka mikono kwenye ukingo wa kitanda, akaegemea mbele, akasimama. Peke yake!

"Nani kakuomba?" akasema. "Nipishe."

Akachukua fimbo akanipita hapo hapo nilipokuwa nimeinama na misuli yangu mipya. Nikamsikia anaburuza miguu mpaka jikoni, kabati likafunguliwa, kisha sauti:

"Nyie, hakuna kikombe kikubwa kuliko hiki?"

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kimbia, sijaacha na siachi. Lakini ongeza nguvu, hata kwa madumu na kiti cha plastiki, kwa sababu siku ya kumshika mtu wako hutaulizwa una pumzi kiasi gani. Na mzee wako nyumbani, kama daktari ameruhusu, mwache asimame mwenyewe. Kaa karibu, zuia asianguke, lakini mwache. Sisi kwa heshima zetu tulikaribia kummaliza.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mzee aliyepitia hali hii atuambie walifanyaje. Masawe, najua unasoma humu, njoo na hoja, kusonya acha kwenye supu.

Mimi naenda kubandika maji. Mama kamaliza kikombe, anataka kingine.