Mdomo wa Paka Ulikuwa Mimi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa hasira, mwanangu, na leo umeniamshia hasira hiyo upya. Nimekukuta hapa Msimbazi unampaka paka dawa ya kuhifadhia mahindi. Nilipokupokonya kopo ukacheka: "Mzee vipi, si dawa tu ya wadudu?"

Nami nilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa kijana, nauza nafaka Kariakoo na mke wangu, Mwanaidi. Paka wake ndiye aliyetulindia magunia na panya. Alipojaa viroboto, nilitaka kumpaka unga ule tunaochanganya na mahindi yasibunguliwe. Mwanaidi akanikataza. Nikangoja atoke, nikampaka mwili mzima. Ujuaji mwingi, na asiyesikia la mkuu si mtoto peke yake.

Adhuhuri masikio yakaanza kumchezacheza. Miguu ikatetemeka, akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Majirani wakajaa.

"Kapandwa na jini huyo!"

"Jini gani? Kifafa. Mpeni maziwa!"

Wakamnywesha kwa nguvu, yakampalia. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mwanaidi alirudi, akamfunga kwenye khanga yake, tukakimbia naye kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mvi. Alimmulika macho, akampapasa kichwa na mgongo.

"Kaanguka? Kaumwa na mbwa? Kala au kapakwa nini?"

Mwanaidi akanitazama.

"Hakuna, daktari," nikasema.

Basi akampiga sindano ya kutuliza degedege, akamtenga, akihofia kichaa cha mbwa. Saa nzima ikapotea kwa neno langu moja. Degedege liliporudi, akainama karibu, akanusa manyoya.

"Baba, hii harufu ya nini?"

Hapo ndipo nikasema. Akawaka. "Mnyama hana mdomo wa kunieleza! Mdomo wake ni wewe, nawe umeufunga!"

Akamwosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaongeza sindano. Alasiri paka akafia kwenye khanga ile. Mwanaidi hakunitukana. Alisema tu, "Ungesema."

Mwanaidi naye ametangulia. Nimemzika kwa mikono yangu. Neno lake hilo sijaweza kulizika.

Kwa hiyo usinicheke. Dawa ya mahindi si ya paka, na hata ya viroboto wa mbwa inaweza kumuua. Kuuliza si ujinga; muulize daktari wa mifugo kwanza. Ukiona paka anatetemeka au anayumba, usimtafutie jini wala usimmiminie maziwa. Mkimbize kwa daktari, beba na kopo, useme ulichofanya hata kama aibu inakuchoma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini siku ile mimi niliumbuka na aliyekufa ni mwingine.

Mungu akulainishie ulimi ukiri kosa lingali linatibika, auzuie mkono wako usimdhuru asiyeweza kujisemea. Haya, nenda kamwoshe paka wako, umpeleke. Sasa hivi.