Sauti Ndani ya Maktaba

Wiki iliyopita nilipanda lori la kijiji pamoja na wakulima wa Kwedizinga, waliokuwa wakienda Dar es Salaam kutembelea chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu. Bibi mmoja, mhitimu wa kisomo cha watu wazima, alichokozwa njia nzima.

"Husomi wewe," mzee mmoja alimwambia. "Umekariri tu kile kitabu cha darasani."

Bibi alikaza ushungi wake, akatazama barabara.

Mwenyeji wetu pale chuoni alituonesha kumbi na mabweni, kisha tukaingizwa maktaba. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachomoa kitabu cha Kiswahili asichopata kukiona, akaketi katikati ya wanafunzi. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti ya mtu anayefukuza nyani shambani: "U-do-ngo... udongo mweusi huhifadhi maji."

Mtunza maktaba alikuja mbio. "Shikamoo, bibi. Humu tunasoma kimyakimya."

"Marahaba, mwanangu. Nikisoma kimya, huyu mzee ataniaminije?"

Mtunza maktaba akamtazama mzee, akavuta kiti, akaketi. "Basi malizia ukurasa."

Akaumaliza. Wanafunzi wakampigia makofi, na mzee akamwomba radhi mbele ya wote.

Kila siku tunaambiwa chuo kile ni mali ya wananchi. Siku hiyo nilimwona mwananchi akikitumia. Tulipokuwa tunatoka, bibi alimshika mkono mwenyeji wetu, akamuuliza, "Mitihani ya kuingia hapa huwa mwezi gani?"