Mate ya Nyuki na Sufuria la Muuza Duka

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na darasa la pili likaishia hapo. Walionilea ni nyuki. Nilibeba mizinga ya watu huko Mlali, nikaumwa mpaka jicho likaziba, nikalipwa makombo ya masega. Kwa hiyo anayesema asali yangu ni feki ananiita mwizi.

Mwaka juzi muuza duka wa Dodoma mjini, niliyemuuzia miaka mingi, alinipigia simu.

"Mama, wateja wanalalamika. Wanasema asali yako ina ladha ya sukari iliyoungua."

Chupa zile zina picha ya uso wangu.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kemia chuo kikuu hapo mjini. Nilimpelekea chupa mbili: moja ya stoo kwangu, nyingine aliyoninunulia jirani dukani kwa yule bwana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nipimie, niambie kama mimi ni mwizi."

Alizimua kila asali kwa maji, akatia matone ya dawa yake ya kahawia. Akasema asali ina kimeng'enya. Nikauliza, ndiyo nini hicho?

"Ni kitu kinachotoka kwenye mate ya nyuki, shangazi."

Nilisikia kinyaa. Maisha yangu yote nalamba vidole.

"Mbona maziwa unakunywa na hujauliza yamepita wapi?" Akacheka, mtoto huyu hana adabu.

Akanieleza. Kimeng'enya kikipata maji huanza kuila sukari, na kikila huacha kitu kama ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Kwa macho huioni. Ndiyo maana ndani ya matone yake ametia vumbi la chuma, laini kupita unga wowote. Vumbi huipokea ile dawa ya povu na kugeuza rangi ya matone kuwa bluu. Ni kama mafundi wanaorushiana matofali: wa kwanza, yaani kimeng'enya, akifa, wa pili anabaki mikono mitupu.

"Na wa kwanza anauawa na nini?"

"Moto."

Tulisubiri. Ya kwangu ikawa bluu kama sare ya shule. Ya dukani ilibaki vilevile, kama maji yaliyooshea vyombo.

Nilikwenda dukani bila kupiga simu. Uani, juu ya jiko la mkaa, asali yangu inatokota kwenye sufuria. Povu la kijivu, nzi wamezama humo, harufu ya kuungua inakata pua.

"Mama, ikiganda wateja wananirudishia. Wanasema imetiwa sukari. Wanataka inayotiririka."

"Asali safi huganda."

"Mimi najua. Wao hawajui."

"Unajua, na bado unachemsha."

"Biashara, mama."

Nilitema mate mlangoni kwake. Yangu, si ya nyuki. Kisha nikabandua picha zangu kwa ukucha, chupa baada ya chupa, wateja wakiangalia.

"Sasa utamuuzia nani?" akauliza.

Nikaondoka na picha zangu mkononi. Nauzia nyumbani, iliyoganda, ya kuchotwa kwa kijiko. Asiyeitaka aende kwa yule wa sufuria.

Leo nina mizinga sitini, nyumba ya bati ya vyumba vinne, mbuzi kumi na wawili, baiskeli, ndoo za asali zenye mifuniko, na kichupa cha matone ya kahawia alichoniachia mtoto wa kaka. Hicho nakiweka juu ya kabati, mbali na chakula.