Mkwe Nyuma ya Pazia

Mama yangu hamsalimu mtu bila kumuuliza kwao ni wapi. Hata malaika akimjia, atamuuliza hilo kwanza. Ndiyo maana siku ile, katika kliniki ndogo ya Kombewa, adabu ilikaribia kumuua.

Alikuwa amekohoa wiki nzima, homa haishuki, na pumzi zake zilikuwa fupi, zinakwaruza. Baba alishatangulia. Huyu ndiye mzazi niliyebaki naye, na niliogopa sana. Daktari wa zamu alikuwa mmoja tu, kijana mpole. Kabla hajashika stetoskopu, mama akamuuliza, "Nyathina, mwanangu, nyumbani ni wapi?"

"Asembo, Mama."

"Asembo gani?"

Laiti angedanganya! Akataja mpaka boma. Lilikuwa boma lile lile alikoolewa dada yangu. Daktari na shemeji yangu ni watoto wa ndugu, kwa hiyo kwa mama naye ni mkwe. Mama akafunga vifungo vya blauzi mpaka shingoni. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, sembuse kumpima kifua. Nilitegemea daktari acheke. Wapi! Naye alikuwa amelelewa hivyo hivyo. Aliinamisha macho, akarudi kinyumenyume hadi nje ya pazia.

Basi tukapima kwa njia yetu. Yeye alisimama upande wa pili, stetoskopu masikioni, mpira wake ukapita pembeni mwa pazia, nami nikashika kile kisahani cha mwishoni mwake kifuani mwa mama.

"Mwambie avute pumzi," daktari akasema.

"Mwambie nimevuta," mama akajibu, na sote tunasikiana vizuri kabisa.

"Sogeza kushoto. Hapo hapo." Akasikiliza. "Mbona sisikii moyo?"

Nikakikandamiza kile kisahani zaidi.

"Mwambie uko!" mama akafoka.

Kumbe nilikuwa nimekiweka juu ya kibeti anachoficha ndani ya sidiria. Nikakitoa kibeti, tukaanza upya. Safari hii daktari alisikiliza kwa muda mrefu, na aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, mapafu si mazuri. Lazima nipime mwenyewe. Nikikosea hapa, tutakupoteza."

Mama akatazama ukuta. Hasira ikanipanda pamoja na machozi. "Unataka nikuzike na heshima yako?" nikamwambia.

Mama akafungua kifungo cha kwanza, akajifunika uso wote kwa leso.

"Mkwe wangu abaki huko nje," akasema. "Daktari ndiye aingie."

Akaingia. Akapima kifua, akapima mgongo, akamdunga sindano ya kwanza. Alipomaliza akatoka, akasimama nyuma ya pazia, akakohoa kidogo kama mgeni aliyefika mlangoni.

"Mama, habari ya hospitali?"

Mama akafunga vifungo, akaondoa leso usoni.

"Nzuri, mkwe wangu. Daktari wenu anajua kazi. Lakini mwambie mikono yake ni baridi."